Mfuko Ambao Sikumpa Mujinga

Bibiche aliuweka ule mfuko juu ya magoti yangu mbele ya wanawake wote waliokaa kilio, akainama kidogo namna binti aliyelelewa vizuri anavyofanya, akasema, "Mama, aksanti sana. Mama yetu alituambiaka ni weye ulimupa hii sakado wakati mulikuwa basichana. Alitulea nayo. Alisema siku akikufa, irudi kwako." Wanawake wakaitika mmm, mmoja akapangusa macho kwa ncha ya kikwembe chake, na mimi nilibaki nimeshika sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe mkono mmoja, mfuko umelala mapajani, sijui niweke nini wapi. Nilikuwa nimefika Dilala, mtaa wa Kolwezi, asubuhi ile kwa basi kutoka Lubumbashi, na njiani kote nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: kwamba hakuna mtu atakayenijua, au kwamba watanijua na kunifukuza. Nilitaja jina langu mlangoni; kushukuriwa sikukutazamia. Nilitazama ule mfuko. Ulikuwa wa buluu zamani, sasa una rangi ya maji ya kufulia. Nikatazama uso wa Bibiche, ambao ni uso wa mama yake Mujinga kabisa, hata lile pengo la meno ya mbele. Mimi sikumpa Mujinga mfuko ule. Nilimtupia, siku niliyomwita mwizi mbele za watu.

Ya kwetu na ya kwao, nani alizaliwa wapi na baba yake alifanya kazi gani, nayaacha. Wale wote hawakuwa na mkono katika jambo hili. Naanza na mwaka ule ambapo Mujinga na mimi tulikuwa na diploma zetu za shule zimekunjwa ndani ya Biblia na hatukuwa na kazi yoyote. Kampuni moja ya kutafuta madini ilikuwa inapeleka timu porini, upande wa kwenda Sandoa, na ilitaka wasichana wawili wenye mwandiko mzuri. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mnatembea kwa mstari ulionyooka, dira ndiyo inayoongoza, mlima ukiwepo mnapanda, kinamasi kikiwepo mnaingia, kila baada ya hatua kadhaa mnachimba, mnatia udongo katika kifuko cha kitambaa, mnaandika namba, mnaubeba. Miezi yote ya kiangazi. Shefu Kalenga, mkubwa wa timu, mtu mkavu asiyecheka, alituambia maneno mawili tu siku alipotuandika. La kwanza: kazi ikiisha, mmoja wetu atabaki, atapewa kazi ya kudumu katika chumba cha sampuli. "Mumoja tu," alisema, akainua kidole, kana kwamba hatujui kuhesabu. La pili: kila mtu aje na mfuko wake wa mgongoni, sakado tunavyoita sisi. "Muchague muzuri. Miguu itachoka, itapona. Mugongo ikiharibika, mutarudi ku nyumba." Tulitoka pale tumeshikana mikono, tunacheka, na mimi tayari nilikuwa natafuta jinsi ya kumshinda. Nasema ukweli. Nilimpenda na nilitaka kumshinda, vyote viwili kwa siku moja, na hata leo sielewi jinsi vilivyokaa pamoja bila kugombana.

Tulikwenda sokoni kwenye mitumba, tukarudi na mifuko miwili kwa majaribio, muuzaji akishika kitambulisho cha Mujinga kama rehani. Tukaitandaza katika salon, sebule ya dada mkubwa wa Mujinga, palepale Dilala, katika nyumba ile ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, yenye sakafu ya simenti nyekundu iliyopigwa dawa hadi unaona uso wako, na kabati la glasi ambazo hakuna aliyewahi kunywea. Ule wa kwanza ulikuwa mkubwa, wa buluu, una mikanda kila mahali: ya mabega, ya kifua, na mmoja mpana wa kufunga kiunoni. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba wazungu wanapanda nao milima ya barafu. Wa pili ulikuwa mdogo, wa kaki, kitambaa kigumu, mikanda miwili basi. Tulijaza unga na matofali tuliyoyatoa nyuma ya choo, tukaanza kuzunguka meza kwa zamu, na mlango ukiwa wazi majirani wakaingia mmoja mmoja kutoa hukumu. Jirani mmoja fundi cherehani alisema mzigo ukae juu kabisa, karibu na shingo. Tata Mwepu, mzee aliyekuwa amewafyekea wapimaji njia porini miaka mingi na ambaye angekuwa mwongozaji wetu, alikaa kando anakula bukari na kapenta, dagaa wa huku, aliyokaribishwa, akasema hapana, mzigo ukae kiunoni, mabega yabaki huru. Dada yake Mujinga aliweka mikono kiunoni akauliza ni lini mwanamke alianza kubeba kitu mgongoni kisichokuwa mtoto. "Mzigo ni ku kichwa," alisema. "Ku mugongo ni ya batoto." Kila mmoja alikuwa na haki. Nilivaa ule wa buluu juu, nikavaa chini, nikafunga, nikafungua, hadi sikujua tena mgongo wangu unaanzia wapi.

"Mi nachukua hii kadogo," Mujinga akasema, akaukumbatia ule wa kaki.

"Utaweka nini ndani? Kichanuo?"

"Mufuko mukubwa inaombaka, Ngoie. Utaona. Ile nafasi yote itakuomba uweke kitu."

Nilicheka sana. Niliona ameogopa. Mimi ni mfupi, na kwa akili yangu ya wakati ule Shefu akiniona na mfuko mkubwa angesema, huyu amekuja kufanya kazi. Tata Mwepu alilamba vidole vyake, akanitazama, akasema, "Mwenye kadogo atafika," kisha akaomba maji ya kunawa. Nilifikiri anazungumza juu ya urefu wa mtu, nikakasirika. Shida moja ilibaki: vifungo vya mikanda ya mabega vilikuwa vimezeeka, ukiweka mzigo vinateleza, mfuko unashuka hadi matakoni. Basi Mujinga alichana ukingo wa kikwembe chake, kile cha njano chenye majani ya kijani, akaloweka vipande viwili katika maji, akanisimamisha wima kama fundi anapima gauni, akafunga kifundo kila upande hapohapo kwenye kipimo cha mgongo wangu. Alivuta kwa meno. "Kikikauka hakifunguki tena," alisema. "Ni kipimo chako mpaka kufa." Kisha tukala mabaki ya kapenta za Tata Mwepu.

Porini nilijifunza siku ya kwanza kile ambacho Tata Mwepu angeweza kuniambia kwa sentensi moja, lakini hakuniambia, na sijui kwa nini. Katika timu ile mzigo haukugawanywa kwa watu. Uligawanywa kwa mifuko. Mchana ukipita, vifuko vyote vya udongo viliwekwa lundo moja, na Shefu alisema neno lake lile, "Kila mufuko ijae." Basi. Wa kaki ulijaa upesi. Wa buluu ulikuwa unameza tu. Walipomaliza kuujaza, wanaume wawili waliunyanyua kuniwekea mgongoni, nami nikasimama, natabasamu. Ningesema neno moja, wangenisikia. Lakini ningesemaje, wakati nilikuwa nimewaringia nao tangu Kolwezi? Siku ya tatu mabega yalichubuka, nikautoa mgongoni nikajitwika kichwani kama dada yake Mujinga alivyoshauri, nikatembea vizuri kabisa hatua ishirini, mpaka tawi likashika mikanda yote ile mizuri na kuuning'iniza mtini, mimi nikaendelea mbele mikono juu, sina kitu. Timu nzima ilicheka hadi Shefu. Mujinga alicheka akakaa chini. Nilicheka pia, lakini wao walipomaliza mimi nilikuwa bado nalia kidogo, na Mujinga peke yake aliona.

Tulikula bukari na samaki wakavu, siku nyingine viazi vitamu kutoka vijiji tulivyopita, na tulikaa wote mviringo mmoja kwa sababu sufuria ilikuwa moja. Shefu alikuwa ametuambia sheria ya kambi tangu siku ya kwanza, mguu wake juu ya sanduku la vyombo. Hapa hakuna mlango, hapa hakuna kufuli. Vitu vya kila mtu viko nje, macho ya kila mtu yanaviona. Kwa hiyo neno la wizi likitajwa, aliyetajwa anarudi na gari linaloleta chakula kila Jumatano. "Mi si tribinali," alisema. "Sina wakati ya kuuliza batu. Neno ikitoka, mutu anaenda." Niliisikia sheria hiyo kwa masikio yangu yote mawili. Siwezi kusema leo kwamba sikuijua.

Kisha ikaja jioni moja kabla ya mlima. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Mujinga na mimi tulikuwa tunasugua sufuria kwa majivu, na nyuma ya turubai Shefu alikuwa akizungumza na Tata Mwepu, sauti ya chini, lakini turubai si ukuta. "Yule mufupi ataanguka," alisema Shefu. "Kesho ni mulima. Akichelewa tena, namurudisha na gari. Nabaki na mwenzake." Tata Mwepu alijibu kitu ambacho sikukisikia. Niliinua macho. Mujinga alikuwa amesikia kama mimi. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Aliendelea kusugua. Baadaye alileta chupa ya mafuta ya mawese, akanivua blauzi, akanipaka mabega polepole, akipuliza pale palipochubuka, na tukazungumza juu ya mambo ya kipuuzi, sinema, bwana mmoja wa Musonoi aliyekuwa akimwandikia barua zenye makosa. Nikawa najiambia wakati uleule: mkono huu unaonipaka mafuta, kesho kazi itakuwa yake. Hana haja ya kufanya lolote. Akae tu, mimi nianguke.

Asubuhi nilishuka kijitoni kunawa uso. Niliporudi, wa buluu haukuwepo. Mahali pake ulisimama ule mdogo wa kaki, umejazwa, umefungwa. "Mwenzako ameenda na ba mbele," alisema Tata Mwepu, akivaa kofia. "Beba ile, twende." Niliuliza kwa nini, akasema twende. Nikaubeba. Wenzangu, sijui niseme nini juu ya asubuhi ile. Niliruka. Mlima ule, ambao nilikuwa nimeuogopa nikakosa usingizi, niliupanda kama mtu anayekwenda harusini, nikafika juu wa tatu, na Shefu Kalenga, mtu yule mkavu, alinigonga begani akasema, "Aaa, leo umekuwa mutu." Nilikunywa maji. Nilikuwa na furaha tele, na sikumfikiria Mujinga hata kidogo.

Wale wa mbele walikuwa wamezunguka kwa mstari mwingine, wakafika baada yetu. Mujinga alikuja wa mwisho kati yao. Yeye alikuwa mrefu, na mfuko ulikuwa umefungwa kwa kipimo changu, kwa hiyo mikanda ilimkaba juu kabisa, chini ya makwapa, mgongo umepinda, mkanda wa kiunoni umefika mbavuni. Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni. Shefu alisimama. Wanaume walisimama. "Tazameni mwanamuke!" Shefu alisema kwa sauti kubwa. "Na ile mzigo yote! Njo huyu." Njo huyu. Maneno mawili: ndiye huyu. Na mimi niliyekuwa na furaha dakika moja iliyopita nikaweka chini maji yangu. Nikaona yote kwa mkupuo, au nilifikiri nimeona: amechukua mzigo wangu ili aonekane nao. Amenipa mzigo mwepesi ili nionekane mwepesi. Jana amenipaka mafuta na huku anapanga.

"Ile mufuko ni yangu," nikasema. "Ameiiba."

Hakuna aliyesogea. Shefu alimgeukia Mujinga. "Ni yako ao ni yake?"

"Ni yake."

"Ulimuomba?"

"Hapana."

"Juu ya nini uliibeba?"

Mujinga hakumjibu yeye. Alinitazama mimi. Alingoja. Hakukasirika, hilo ndilo lililonichanganya, na linanichanganya hadi leo. Alinitazama kama mtu aliyeshika mlango anangoja mwenzake apite. Mimi nikatazama viatu vyangu. Tata Mwepu alikohoa, akasema, "Shefu, aba ni batoto ba nyumba moja," na Shefu akasema neno limetoka. Mujinga akauvua mfuko taratibu. Nikauchukua, nikatoa udongo, nikatoa nguo zangu na Agano langu Jipya, kisha nikautupa miguuni pake. "Beba basi! Si uliitaka?"

Jumatano gari lilikuja, na siku zile za kungoja tulilala turubai moja bila kusemezana. Mujinga alipanda nyuma, kati ya madumu matupu, mfuko wa buluu magotini. Nilisimama karibu kwa sababu kukaa mbali kungeonekana vibaya. Nilitaka anitukane. Kama angenitukana ningekuwa na kitu cha kushika. Aliinama kidogo kutoka juu akasema, "Usiache kupaka mafuta ku mabega." Gari likaondoka, nikarudi kuandika namba.

Kazi niliipata. Nilikaa katika chumba cha sampuli, kisha nikahamishiwa Lubumbashi, nikapanda hadi kuwa mkubwa wa chumba, na watu walinisifia mwandiko. Miaka zaidi ya ishirini. Katika miaka hiyo nilijieleza mambo ya mlima ule kwa njia nyingi. Nilipokuwa na afya na jua limewaka, nilisema alikuwa mjanja, nilimgundua. Nilipougua, nilisema alikuwa ameniokoa nami nikamuuza. Siku nyingine nilisema labda vyote viwili, labda alitaka kunisaidia na alitaka kuonekana, kama mimi nilivyompenda na kutaka kumshinda. Mara moja tu nilimwona. Nilikuwa ndani ya gari la kazi, tunapita Musonoi, na yeye alikuwa anatembea kando ya barabara kati ya pikipiki, mikate imejaa ndani ya mfuko ule mgongoni hadi inachungulia, mikanda imempanda juu makwapani vilevile. Nikashangaa kwamba mwanamke mwenye akili kama yeye hakuwahi kurekebisha mikanda. Dereva aliuliza kama namfahamu yule mama, kwa kuwa nilikuwa nimegeuka. Nikasema hapana.

Sasa nilikuwa nimekaa Dilala na mfuko ule magotini, sahani imechukuliwa na mtu, na vidole vyangu vilikuwa vimetembea vyenyewe kwenye mkanda wa bega. Kifundo kilikuwepo. Njano ilikuwa imekwisha, kijani kimekwisha, kimebaki kipande cha kitambaa cheusi kwa uchafu, kigumu kama kokwa. Nilitafuta upande wa pili. Nacho kilikuwepo, mahali palepale.

"Ah, ile," Bibiche akasema, akicheka kwa machozi. "Ile tulipiganaka nayo! Mama alikuwa murefu, ilikuwa inamukaza, jioni akifika na mikate anaumwa makwapa. Tunamuambia, mama, leta kisu tukate, tufunge chini kidogo. Anakataa. Anasema, wacheni, hii ni kipimo ya mwenyewe, siku moja atakuja kuichukua." Akanishika goti. "Na kweli umekuja."

Wanawake wakaitika tena mmm. Mmoja wao, mama mnene aliyekaa karibu na mbabula, jiko la makaa, akasema zawadi ya rafiki haipotei, na mwingine akasema siku hizi marafiki kama hawa wako wapi. Niliwatazama. Hakuna hata mmoja aliyejua. Miaka yote ile nilikuwa naogopa kuingia Dilala, nikifikiri hadithi yangu imejaa katika nyumba hizi, inasimuliwa kwenye kila mbabula. Kumbe haikuwahi kufika. Alirudi kutoka porini bila kazi, na mfuko mgongoni, wakamuuliza, naye akasema amepewa na rafiki. Ilinitosha kunyamaza. Ningesema asante mwanangu, ningelia kidogo, ningepanda basi na zawadi yangu. Nilikwisha fungua mdomo kusema hivyo.

"Bibiche," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata waliokuwa uani wakageuka. "Mama yako hakuwa mwizi."

Mama wa mbabula aliacha kukoroga. Bibiche alinitazama, kisha akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, kana kwamba kati yao kuna aliyeelewa, kisha akarudi kwangu, mkono wake bado juu ya goti langu.

"Lakini mama," akauliza, "nani alisema mama yetu ni mwizi?"

"Mi," nikasema. "Ni mi nilisema."